Fotei ya husi: namna ya kuinunua kwa makuta kidogo na kuilinda idumu

Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Butembo, Beni, Bunia ao Uvira, saloni ndiyo kitu cha bei kubwa kuliko vingine vyote vya chumba cha wageni. Familia inaweka makuta kwa miezi mingi, wengine kupitia likelemba ao AVEC, kiisha siku moja inaenda kwa fundi na kununua ndani ya dakika kumi. Macho yanaangalia rangi ya nguo, mkono unapapasa kidogo, bei inashuka kidogo, na fotei inapandishwa juu ya chukudu. Nyuma ya miezi sita katikati imezama, mguu mmoja unalia kila mtu akikaa, na nguo imeshika harufu isiyotoka.

Makala hii inaeleza juu ya fotei ya husi, ni kusema fotei ambayo nguo yake inavuliwa, inafuliwa na kurudishwa. Watu wengi wanaipendaga juu husi inafichaga mambo: fotei ya zamani inaonekana mpya. Lakini faida yake kubwa iko upande mwingine. Husi ni mlango. Ukiifungua, unaona mbao na musi unazonunua. Muuzaji akikataa ifunguliwe, ujue anakuuzia nguo tu, hajakuuzia fotei.

Fotei ya husi ni nini?

Ku soko kuna aina tatu, na watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni fotei iliyofunikwa moja kwa moja: nguo imepigiliwa na misumari midogo ao agrafu kwenye mbao. Haitoki. Ikichafuka, inasuguliwa pale pale, na maji yanaingia ndani ya musi.

Ya pili ni fotei ya mbao yenye mito iliyo huru. Kila mto wa kukalia na wa kuegemea una husi yake yenye zipu. Hii ndiyo nafuu kwa familia nyingi, juu mbao inabaki wazi, unaiona, na kazi ya nguo ni ndogo.

Ya tatu ni husi ya kuvalisha fotei nzima, sawa vile mtu anavyovaa koti. Inaweza kushonwa kwa kipimo, ao kununuliwa tayari, ile ya nguo inayovutika yenye elastiki pembeni. Inasaidia kama fotei ya zamani iko nzima lakini nguo yake imechoka. Haisaidii kitu kama mbao imelegea.

Anza na mbao

Mafundi wa Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini wanatumia sana mikaratusi, juu inapatikana na bei yake iko chini. Grevilea pia inatumiwa. Upande wa Ituri na Beni kuna libuyu, mbao nyekundu inayopendwa na mafundi, lakini bei yake iko juu. Hakuna aibu kununua fotei ya mikaratusi. Shida si jina la mti, shida ni mbao mbichi.

Mikaratusi ikikaushwa haraka inapasuka na kujipinda. Tena msumari uliopigwa katika mbao mbichi unalegea mbao ikikauka, kwa sababu mbao inapungua na tundu linabaki. Hapo ndipo ule mlio wa mguu unatokea. Kwa kawaida ubao wa unene wa sentimita 2 na nusu unaohifadhiwa fasi yenye hewa unaombaga karibu mwaka mmoja ili ukauke vizuri. Mafundi wachache wanangoja hivyo, kwa hiyo ni mnunuzi mwenyewe anapaswa kuangalia.

Mambo manne ya kupima mbele ya kuzungumza bei:

1. Gusa upande wa chini wa fotei, fasi ambayo haikupakwa rangi ao vernisi. Mbao mbichi iko baridi kwa mkono na nzito kuliko inavyoonekana.

2. Shika kona moja ya mbele na uiinue karibu sentimita 15. Mguu wa pili wa mbele unapaswa kufuata. Ukiona mguu wa pili unabaki chini, fotei inajipinda katikati, na viungo vyake vitaachana.

3. Angalia viungo. Kiungo kizuri kina mbao iliyoingia ndani ya mbao ingine, na kole, ao visi. Kiungo cha misumari peke yake hakidumu. Kona za ndani ziwe na kipande cha mbao cha kuzishikilia.

4. Tafuta vitundu vidogo sawa vya sindano, na unga mwepesi chini yake. Hivyo ni vidudu vinavyokula mbao. Fotei ya namna hiyo usiiingize ku nyumba, hata kwa bei ya bure, juu vitahamia kwenye mlango na paa.

Kiisha geuza fotei juu chini. Mito inakaa juu ya nini? Kuna mafundi wanaotumia mikanda ya mpira, mara nyingi iliyokatwa kutoka mpira wa ndani wa gurudumu la gari. Ni nzuri kama mikanda imekaribiana na imevutwa sana, na kama imepita upande wa urefu na upande wa upana, ikisukana. Wengine wanaweka tripleksi. Tripleksi iko sawa ikiwa inashikiliwa na mbao chini yake. Tripleksi nyembamba bila mbao inazama katikati, na siku mtu mzito anakaa kwa nguvu inavunjika.

Mzani unasema ukweli juu ya musi

Musi, ile sponji ya ndani, ndiyo inaleta hasira nyingi. Ikiwa mpya, musi mbaya na musi nzuri zinafanana kwa jicho, na hata kwa mkono. Tofauti iko katika uzito. Watengenezaji wanapima musi kwa kilo ngapi ziko katika mita moja ya kipimo cha ujazo. Musi ya kilo 18 inafaa kwa mito ya kuegemea. Kwa kukalia kila siku inaombwa kuanzia kilo 25, na kwa nyumba yenye watu wengi kilo 30 ao 35 ni bora.

Muuzaji anaweza kusema namba yoyote. Lakini mzani wa mama anayeuza unga hapo pembeni hautadanganya. Chukua mto wa kukalia wa sentimita 60 kwa 60, unene sentimita 12. Ukiutoa ndani ya husi na kuuweka kwenye mzani, utaona hivi:

Musi ya kilo 18: karibu gramu 780.
Musi ya kilo 25: karibu kilo 1 na gramu 80.
Musi ya kilo 30: karibu kilo 1 na gramu 300.
Musi ya kilo 35: karibu kilo 1 na gramu 500.

Kama kipimo cha mto ni kingine, zidisha urefu kwa upana kwa unene, vyote kwa mita, kiisha zidisha na namba ya musi. Mfano: 0,60 mara 0,60 mara 0,12 mara 25. Simu yoyote yenye kalkilatrisi inatosha.

Kuna mitego miwili. Musi yenye maji inakuwa nzito, kwa hiyo ibonyeze kwanza. Na musi ya vipande, ile iliyokusanywa kutoka mabaki na kushikishwa na kole, ina uzito mkubwa lakini inaweza kuwa ngumu sawa ubao, na ikishonwa vibaya inagawanyika. Ndiyo sababu ya kufungua zipu: musi ya kipande kimoja ina rangi moja na tundu ndogo zinazofanana. Ile ya vipande inaonekana sawa nguo ya viraka.

Jaribio la mwisho: weka goti juu ya mto, hesabu mpaka 10, ondoa. Musi nzuri inarudi mara moja. Ile inayobaki na shimo imeshachoka mbele hata ya kukaliwa.

Mazungumzo ya kawaida kwa muuzaji yanakuwaga hivi:

— Fundi, fungua huu mto nione ndani.
— Mama, iko mpya hii, ukifungua utaharibu tu.
— Papa, zipu iliwekwa juu ya nini kama haifunguliwi?

Mara nyingi zipu inafunguliwa. Isipofunguliwa, mafundi ni wengi barabarani.

Nguo gani, na mita ngapi?

Nguo inachaguliwa nyuma ya mbao na musi. Kila moja ina uzuri wake na ubaya wake.

Jinzi na nguo zingine nzito za pamba zinavumilia watoto na kufuliwa mara nyingi. Lakini jinzi inatoa rangi mara za kwanza, na pamba inapungua ikifuliwa.

Nguo ya rido ya poliesta haipungui sana na inakauka haraka, jambo la maana katika majira ya mvua. Lakini inaleta joto, na cheche ya mbabula inaitoboa mara moja.

Velur inapendeza macho, lakini inakamata vumbi na nywele.

Simili, ile inayofanana na ngozi, inapanguswa na kitambaa na watu wanaipenda kwa hiyo. Lakini inashikana na mwili wakati wa joto, na ikianza kumenyuka hakuna dawa. Tena si nguo ya kuvua na kufua.

Kitenge kinapendeza kwenye mito ya kuegemea. Kwenye mito ya kukalia kinachakaa haraka, juu kiko chepesi.

Mbele ya kulipa nguo, lowesha kipande cha kitambaa cheupe na usugue kwa nguvu. Rangi ikihamia kwenye kitambaa cheupe, siku moja itahamia kwenye nguo za wageni.

Sasa hesabu ya mita. Kwa mto wa sentimita 60 kwa 60 kwa 12, mshonaji anakata vipande viwili vya sentimita 63, pamoja na mikanda ya kuzunguka na fasi ya zipu. Kwenye nguo yenye upana wa sentimita 150, vile vipande viwili vinakaa pamoja, na mto mmoja unakula karibu sentimita 96 za urefu. Fotei ya watu watatu yenye mito sita ya kipimo hicho inaomba basi karibu mita 5 na sentimita 76. Lakini nguo ya pamba inaweza kupungua asilimia 5 ikifuliwa mara ya kwanza. Nunua mita 6 na nusu, uifue na kuikausha mbele ya kuipeleka kwa mshonaji. Ile mita 6 na nusu inaweza kubaki karibu mita 6 na sentimita 17, na kazi itaenea. Husi iliyoshonwa na nguo isiyofuliwa inaingia vizuri siku ya kwanza, kiisha haiingii tena nyuma ya kufuliwa. Hapo zipu inavunjika.

Kitenge kina upana mdogo, karibu sentimita 115 mpaka 120. Vipande viwili vya 63 havienei pembeni kwa pembeni. Mto mmoja unakula mita 1 na sentimita 26, kwa hiyo kitenge cha yadi 6, ambacho ni karibu mita 5 na nusu, kinatoa husi nne tu.

Mwambie mshonaji aweke zipu upande wa nyuma, na izidi kona mbili kwa karibu sentimita 8 kila upande. Zipu fupi inafanya musi ikunjwe kwa nguvu kila mara, na musi inapasuka. Mshono uwe mara mbili. Kama makuta inaruhusu, shonesha husi mbili kwa kila mto, hata ile ya pili ingoje zamu ingine ya likelemba. Mwenye husi mbili anafua bila haraka. Mwenye moja anarudisha husi ikiwa ingali na maji, na harufu inaanzia hapo.

Bei nafuu si bei ya chini

Tuseme kwa mfano: fotei moja inauzwa dola 120 na inadumu miaka miwili. Ingine ni dola 180 na inadumu miaka mitano. Ya kwanza imekula dola 5 kila mwezi, ya pili dola 3. Ile ya bei ya chini ndiyo imemaliza makuta ya familia.

Muombe fundi agawanye bei: mbao ngapi, musi ngapi, nguo ngapi, kazi ngapi. Fundi wa kweli anajua hesabu hiyo. Faida ya kugawanya ni kwamba mnunuzi anaweza kupunguza fasi inayofaa. Unaweza kuacha mapambo ya kuchonga na vernisi ya kung'aa. Unaweza kuleta nguo yako mwenyewe. Unaweza kuanza na fotei ya watu watatu, zile za mtu mmoja zikafuata. Lakini usipunguze unene wa mbao wala uzito wa musi.

Kama fotei inatengenezwa kwa komande, andikeni karatasi, hata ya dafutari: aina ya mbao, vipimo, musi ya kilo ngapi, husi ngapi, siku ya kumaliza, avansi iliyotolewa na inayobaki. Andikeni pia kama ni dola ao franka, na kama ni franka, kwa kiwango cha siku gani. Ugomvi mwingi unatokea hapo. Wote wawili watie sahihi, na shahidi mmoja. Sehemu ya mwisho ya makuta itolewe nyuma ya kufungua husi na kupima mito, si mbele.

Kipimo kizuri cha kukalia ni sentimita 42 mpaka 45 kutoka chini, ili wazee waweze kusimama bila kuvutwa. Na mbele ya komande, pima mlango wa nyumba. Kuna fotei ambazo zimelala nje siku ya kwanza juu hazikupita.

Fotei ya okazio

Katika miji ya mashariki watu wanahamahama sana: kwa sababu ya kazi, kodi ya nyumba, vita, na kwa Goma pia kwa sababu ya volkano Nyiragongo, iliyolipuka tarehe 17 Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021. Kwa hiyo vyombo vya okazio haviishi ku soko. Unaweza kupata mbao nzuri sana, iliyokwisha kukauka, kwa bei ya kicheko. Mbao ya zamani iliyo nzima mara nyingi inashinda mpya iliyo mbichi.

Lakini angalia kunguni. Fungua kila zipu, angalia mishono, kona za mbao na chini ya mikanda. Vitone vyeusi vidogo sawa vya wino, maganda mepesi ya kahawia, ao harufu nzito ya ajabu: acha. Kunguni mkubwa anaweza kukaa miezi mingi bila kula, kwa hiyo kusema "fotei hii haijakaliwa tangu mwaka jana" si ulinzi.

Kama umekwisha kununua, acha fotei nje ya nyumba. Fua husi na maji ya moto, digri 60 ao zaidi, kama nguo inavumilia. Mwanga maji yanayochemka kwenye viungo vya mbao. Tupa musi ya zamani na ununue mpya. Rudia ukaguzi kila wiki kwa mwezi mzima, juu mayai yanapasuka nyuma ya wiki moja ao mbili. Usimwage petroli wala esanzi. Mvuke wake unashika moto, na nyumba nzima inaweza kuungua kwa sababu ya mdudu.

Kazi ya kila wiki

Vumbi la Goma si sawa la fasi zingine. Mchanga wa volkano una vipande vikali, na mtu akikaa juu yake vinakata nyuzi za nguo kidogo kidogo. Ukipangusa na kitambaa chenye maji, unasugua ule mchanga ndani. Kwanza toa mito nje, ipigepige, tumia brashi kavu, kiisha pangusa.

Badilisha fasi za mito kila wiki. Kila familia ina kona yake inayopendwa, ile inayotazama televizyo ao mlango, na mto wa hapo unachoka mbele ya mingine. Mto wenye pande mbili sawa ugeuzwe pia.

Acha sentimita 5 mpaka 10 kati ya fotei na ukuta, zaidi sana katika majira ya mvua, ili hewa ipite. Kwa Kindu, Kisangani ao Uvira, kwenye joto na unyevu, fungua madirisha kila asubuhi. Kama nyumba ni ya udongo ao sima yenye unyevu, weka chini ya kila mguu kipande cha jiwe bapa ao kifuniko cha bati. Maji hayatapanda katika mbao, na mchwa akijenga njia yake utamuona.

Kitu kikimwagika

Haraka ni dawa kuliko sabuni. Bonyeza na kitambaa kikavu, usisugue. Fungua zipu na uvue husi mbele maji hayajafika ndani ya musi.

Kwa damu, maziwa ao yai, tumia maji baridi tu. Maji ya moto yanashikisha alama. Kwa mafuta ya kupikia, mwanga unga wa mahindi ao wa muhogo, acha unywe mafuta kwa nusu saa, kiisha ondoa na ufue na sabuni. Kwa mafuta ya mawese fanya hivyo hivyo, kiisha anika husi kwenye jua, juu jua linapunguza ile rangi nyekundu.

Mtoto akikojoa, vua husi, mwanga maji baridi kidogo kwenye musi, bonyeza na kitambaa kikavu mara nyingi, kiisha simamisha mto wima kwenye hewa mpaka ukauke kabisa ndani. Usimwage javeli hapo. Javeli ikikutana na mkojo inatoa hewa mbaya kwa mapafu, na ikichanganywa na siki ao ndimu ni sumu zaidi. Javeli ni ya pamba nyeupe tu, peke yake, ndani ya maji mengi. Kwa nyumba yenye watoto wadogo, nailoni nyepesi kati ya musi na husi inaokoa mambo mengi.

Kufua bila kuharibu

Husi za fotei moja zinakula maji mingi, na katika mitaa mingi maji yanalipwa kwa bidoni. Kwa hiyo usifue zote siku moja. Fua mbili mbili, kila wiki chache, na maji ya kusuuza ya husi za kwanza yaloweshe zinazofuata kama rangi ni moja.

Kung'uta kwanza. Funga zipu, geuza ndani iwe nje. Rangi nzito ifuliwe peke yake mara mbili ao tatu za kwanza. Usikamue nguo nzito kwa nguvu, ianike ijikamue yenyewe. Kausha kwenye kivuli chenye upepo, juu jua kali la kila mara linakula rangi. Husi ya pamba irudishwe ikiwa na ubaridi kidogo tu, karibu kukauka, itavutika na kukaa vizuri. Lakini mto usikaliwe mpaka umalize kukauka. Ile ya poliesta usipige pasi ya moto.

Musi haifuliwi sawa nguo. Ikiloa yote inakauka nje na kubaki na maji ndani. Tena usiiache kwenye jua siku nzima: inageuka njano na kuanza kupukutika. Kivuli na upepo vinatosha.

Moto

Hili linasemwa kidogo sana kwa wanunuzi. Musi inashika moto haraka sana, na moshi wake mweusi ni sumu. Mtu anaweza kupoteza fahamu mbele moto haujamfikia. Ku nyumba zetu kuna mbabula ya makala, mishumaa wakati umeme unakatika, na simu zinazochajiwa juu ya mto. Weka mbabula mbali na fotei, na usiiingize katika chumba cha kulala. Mshumaa ukae ndani ya bakuli yenye mchanga ao maji, juu ya meza, si juu ya mkono wa fotei. Usichaji simu wala betri juu ya mito.

Kutengeneza ao kununua ingine?

Fotei ya husi inachoka kwa sehemu, haichoki yote pamoja. Mikanda ikilegea, inavutwa ao kubadilishwa kwa saa moja. Musi ikizama katika mto mmoja, badilisha huo tu, usingoje ile mingine. Husi ikipasuka kwenye mshono, ishonwe siku ile ile mbele tundu halijakuwa kubwa. Kiungo kikilegea, usiongeze msumari: kifunguliwe, kisafishwe, kiwekwe kole na visi. Mbao peke yake ndiyo inaamua. Ikioza, ikiliwa ao ikipasuka kwenye viungo, hapo fotei imemaliza kazi, lakini mito na husi zake zinaweza kuhamia kwenye mbao mpya ikiwa vipimo vilishikwa sawa. Ndiyo sababu ile karatasi ya komande inastahili kulindwa pamoja na hati zingine za nyumba.

Maswali ya kwenda nayo kwa muuzaji

Mbao ni ya mti gani, na imekauka tangu lini?
Viungo vina kole na visi, ao misumari tu?
Chini ya mito kuna nini?
Musi ni ya kilo ngapi, na tunaweza kuipima sasa?
Nguo ilifuliwa mbele ya kushonwa?
Husi zote zinatoka, na zipu zinafunguka mpaka mwisho?
Kiungo kikilegea ndani ya miezi mitatu, nani analipa kazi?

Jibu la swali la mwisho liandikwe kwenye karatasi. Kiisha fungua mto mmoja uliouchagua mwenyewe, si ule anaokupa muuzaji, na mbele ya kutoa makuta uufunge vizuri sawa ulivyoukuta.